Jumamosi kwa Jirani Mwenye Video

Mwezi uliopita nilikwenda Kitui kumwona mama. Nilifika mchana, jua la Oktoba likichoma mabati, nikiwa na uchovu ambao safari pekee haiwezi kuuleta. Mama aliweka chai mezani bila kuniuliza, sukari ikiwa imeshachemkia humo ndani ya sufuria. Nikamwambia daktari amenikataza.

"Sukari tu?" akauliza.

"Sukari tu, mwaitu. Lakini imenishinda. Naiacha Jumatatu, Jumatano nimeirudia."

"Na huko kwako unaiacha na nani?"

"Na nani vipi? Naiacha peke yangu."

"Haya basi." Akachukua kikombe changu, akawamwagia kuku ile chai tamu uani, akaenda kunichemshia maji mengine. "Mtu haachi kitu peke yake. Ungemuuliza baba yako."

Baba hawezi kuulizwa tena. Tulimzika kitambo. Ila mimi nilikuwepo alipoacha, msichana wa darasa la tano mwenye macho mengi kuliko maneno, na jioni ile, nikinywa chai isiyo na ladha, nilijikuta nimerudi katika zile Jumamosi za miaka ya themanini.

Tuliishi mjini Kitui, katika safu ya nyumba za mabati zenye ua mmoja na bomba moja. Jumamosi ilikuwa na mpangilio wake. Asubuhi tulipanga foleni kwa maji, tukafua sare za shule, tukaanika pojo juu ya gunia na kuzichambua mawe. Susu, yaani nyanya yetu aliyemzaa baba, alikaa kivulini akisokota katani pajani kwa ajili ya kiondo, na kila alipochoka alivuta ugoro akapiga chafya iliyowashtua kuku. Baba alikuwa seremala. Kibanda chake kilikuwa karibu na soko, na Jumamosi ndiyo siku wateja walikuja kuchukua viti na vitanda vyao. Kufikia adhuhuri alikuwa amelipwa, amenawa mikono, ameelekea nyuma ya soko la mbuzi kulikouzwa kaluvu, ile pombe yetu ya asali na sukari.

Hakuwa mlevi wa fujo. Ningependa hilo lieleweke. Hakuwahi kutupiga. Alikuwa mlevi wa kupotea tu. Chakula chake kilifunikwa kwa sahani mpaka kikaganda, naye akarudishwa na watu, au akakutwa amelala kando ya barabara bila kofia, bila randa, bila viatu. Susu alikuwa akisema pombe haina miguu, mtu ndiye huifuata. Alikuwa akimsema mwanawe, lakini aliyeinamisha kichwa ni mama.

Kisha macho ya baba yakaanza kugeuka manjano. Hospitalini waliwaambia wazi, yeye na mama wakiwa wamekaa kwenye benchi moja: ini linaharibika, na akiendelea hivyo hatawaona watoto wakimaliza shule. Mama alirudi nyumbani akapika kama kawaida. Baba alikaa wiki moja bila kunywa. Jumamosi ilipofika, miguu yake ikamchukua.

Sasa nikueleze kuhusu jirani. Alikuwa mjane Mwislamu, watu wake walitoka pwani zamani kufuata biashara wakabaki. Aliuza leso na mahamri. Mwanawe mkubwa, aliyefanya kazi Uarabuni, alimletea televisheni ya rangi na mashine ya video, na kanda za filamu za Kihindi alitumiwa kwa basi kutoka Mombasa. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alifungua mlango kwa yeyote. Masharti yalikuwa mawili. Viatu vilibaki nje, na pombe ilibaki nje pamoja na aliyeinywa.

Sebule yake ilinukia udi na tangawizi. Tulijazana juu ya mkeka, akina mama wakisuka viondo bila kuangalia mikono yao. Jirani alikijua Kihindi kidogo, alichokiokota katika majumba ya sinema ya usichana wake, na alitutafsiria kwa Kiswahili chake kirefu cha pwani. Mama alikipokea Kiswahili kile akakigeuza Kikamba kwa ajili ya susu. Neno lilipomfikia susu, mwimbaji alikuwa ameshabadilisha shati na mlima.

"Huyu mwanaume anaimba tangu tule," susu alisema siku moja. "Mbuzi zake zinachungwa na nani?"

"Hana mbuzi, mama," mama yangu akamjibu.

"Basi huyo msichana anakimbilia nini?"

Filamu zile zilikuwa ndefu, zikakatwa katikati na jambo ambalo hukuliona katika majumba ya sinema. Wakati wa swala ya Alasiri ulipofika, jirani alisimamisha mashine, hata kama mtu ananing'inia kwenye ukingo wa jabali, akaenda kutawadha. Sisi tulingoja uani. Tulikula mahamri, tukabishana nani atakufa, mpaka aliporudi akiwa mtulivu, akabonyeza kitufe.

Jumamosi moja baba alikuja kutuchukua akiwa amelewa. Sinema ilikuwa ikiendelea: mama kipofu alikuwa akimwosha miguu mgeni, asijue ni mwanawe aliyempoteza. Jirani alikwenda kumzuia mlangoni.

"Fundi, wanuka. Humu mna msahafu na mna watoto."

"Nimekuja kuchukua familia yangu tu."

"Familia yako inatazama. Ngoja huko."

Akangoja. Lakini pazia la dirisha lilikuwa na mwanya, na nilipogeuka nililiona jicho lake pale. Alisimama juani mpaka Alasiri. Tulipotoka, uso wake ulikuwa umelowa, naye hakujishughulisha kuufuta.

"Yule mama," alimuuliza jirani. "Atamjua?"

"Njoo Jumamosi ijayo, mdomo msafi. Nitaiweka tena toka mwanzo."

Watu waliguna wiki iliyofuata walipoona ni filamu ileile. Jirani alisimama mlangoni, na baba alipofika, ameoga, amevaa shati la kanisani, akamwambia mbele ya wote, "Pumua." Mtu mzima, baba wa watoto, akapumua usoni mwa mwanamke wa watu. Watoto walicheka. Mimi nilitamani mkeka unimeze.

"Pita, Fundi," akasema jirani. "Kaa pale karibu na mkeo."

Ungedhani hapo ndipo hadithi inaishia. Ndipo ilipoanza. Jumamosi ile mikono ya baba ilitetemeka mpaka kikombe kikagonga meno yake. Alitoka mara kadhaa kutapika nyuma ya choo. Mama alitoka naye kila mara, akasimama akimtazama mgongo, akarudi naye. Mwishoni yule kipofu alimjua mwanawe kwa kovu la kisigino, na sebule nzima ikalia. Baba alilia kuliko wote. Susu alimgonga magoti kwa fimbo, akasema, "Lia, lakini kesho ukaoge tena."

Hatari ilikuwa pale katikati. Baba aliweza kukaa filamu ikiendelea. Lakini jirani alipokwenda kuswali, nusu saa ile ilimkalia kama mzigo, na soko la mbuzi halikuwa mbali. Siku moja akatoweka wakati wa swala. Aliporudi, jirani alimnusa, akatikisa kichwa. Mama alikunja katani yake, akatoka, akamshika mkono, wakarudi nyumbani. Nilibaki nikatazama mwisho wa filamu. Mama hakuuona.

Baada ya hapo mama alibuni mbinu. Jumamosi asubuhi, baba akiwa kibandani, alikwenda kwa jirani na nyundo, wakachagua kigoda au stuli, wakagonga mguu mpaka ukalegea. Alasiri, jirani akielekea kutawadha, alisema kana kwamba amekumbuka sasa hivi, "Fundi, hebu niangalizie stuli hii, itamwangusha mtu." Baba alichukua gundi na nyundo, akakaa uani akifanya kazi. Mama alikaa pembeni akisuka. Alipomaliza, swala imekwisha, na mashine inaguruma.

Waliendelea hivyo wiki baada ya wiki, mwaka ukaisha. Vigoda, meza ya jikoni, mlango wa kabati, kitanda cha kamba. Nilimwona mama siku nyingine amesimama katikati ya ua asubuhi, nyundo mkononi, akiangalia samani kama mtu aliyesahau alichotumwa. Alichoka. Alikuwa akiamka kabla ya kuku, akafua, akapika isyo, mahindi na maharagwe yetu, akasuka, akavunja samani za jirani, akamlinda mume, akamtafsiria susu. Jumapili alisinzia kanisani akiwa amekaa wima kabisa.

Siku moja nilikuwa nimemshikia baba stuli. Aliuzungusha ule mguu uliolegea, akausogeza karibu na macho.

"Unaona hapa?" akaniambia. "Mbao ikizeeka hulegea polepole, ikajikwangua. Hii imegongwa leo asubuhi."

Nilijua nani aliyegonga.

"Usimwambie mama yako kwamba najua," akasema, akapaka gundi. "Ataona aibu, na mimi sina kazi nyingine ya saa hii."

Macho yake yakawa meupe tena. Watu sokoni wakasema fundi ameacha, kama mtu anavyosema fulani amevua koti. Sisi wa nyumbani tulijua hakuna koti lililovuliwa. Kila Jumamosi ilikuwa ya kwanza.

Kisha jirani akazeeka. Wanawe walimwita Mombasa aishi nao, akauza leso zilizobaki, akafunga televisheni ndani ya blanketi. Siku ya kuondoka aliwakumbatia mama na susu, akamgeukia baba.

"Fundi, umenitengenezea kila kitu nyumbani kwangu. Wallahi sijui vitu vyenyewe vilikuwa vinavunjwa na nani."

Baba akatazama chini. "Ni mbao za siku hizi, mama. Hazidumu."

Mama alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso, na nilipotazama vizuri nikaona ameacha kucheka.

Jumamosi iliyofuata ilifika kama kawaida yake. Maji, sare, pojo. Saa ya filamu ikapita bila filamu. Mama alikuwa amemwambia baba kuna bawaba ya dirisha inayolia, na mlango wa banda la kuku. Baba alivitengeneza vyote haraka, akaweka nyundo chini. Wakati wa Alasiri, adhana ilipolia kutoka msikitini, alisimama uani mikono mitupu. Akaangalia upande wa soko la mbuzi. Kisha akachukua kofia.

"Natembea kidogo," akasema.

Nilimtazama mama. Kwa miaka yote ile angeinuka. Angevaa patipati, angesema hata yeye ana haja ya chumvi dukani. Lakini alikaa pale kwenye ngazi, kiondo mapajani, akamwangalia baba akipita langoni mpaka kofia yake ikapotea nyuma ya ukuta.

"Mwaitu, nimfuate?" nikauliza.

"Mimi nimechoka," akasema. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja saa. Akaingia ndani, akajilaza juu ya kitanda mchana kweupe, viatu miguuni. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo hata alipougua. Susu aliacha kusokota. Mimi nilihesabu kwa moyo njia ya kwenda soko la mbuzi na kurudi, nikaona anafika, anaketi, anapewa kibuyu.

Jua lilikuwa bado juu kiasi lango liliposikika likifunguka. Baba aliingia. Susu alimwita kwa kidole, akamvuta shingo chini, akamnusa kama alivyokuwa akinuswa na jirani. Akamwachia.

"Ulikwenda wapi?"

"Nilifika mpaka kwenye mlango wao," akasema baba. "Nikageuka." Akatazama huku na huku. "Mama watoto yuko wapi?"

Nikamwonyesha chumbani. Alisimama mlangoni kwa muda mrefu. Kisha akaingia akamvua viatu, kimoja kimoja, akavitoa nje. Alituambia tuache kukoroga maji ya ndoo. Watoto wa majirani wengine walipokuja na mpira wa matambara, aliwafukuza kwa mkono tu, bila sauti. Alichambua zile pojo zilizobaki, akawasha jiko, akaweka sufuria kwa mtindo wa mtu asiyejua jikoni, polepole, kifuniko kisigonge.

Baba aliwahi kurudia pombe baadaye? Alirudia, na akaacha tena, na tena. Alituona tukimaliza shule. Hilo ndilo lililokuwa likitafutwa.

Mwezi ule uliopita nilimuuliza mama ni filamu ipi aliipenda. Akanitazama kama nimeuliza la mjinga. "Filamu gani? Mimi nilikuwa namwangalia baba yenu." Nyumba ya jirani imebomolewa, ghorofa limekaa hapo, na jioni wapangaji wanatazama sinema zao kila mtu na simu yake, masikio yamezibwa. Hawamsumbui mtu, na mtu hawasumbui. Sisemi wamekosea. Ila nilikaa uani nikijaribu kukumbuka kelele zetu za wakati ule, na kilichonijia ni ukimya wa Jumamosi ile moja: susu amekunja mikono, baba amepiga magoti kwenye jiko akipuliza makaa taratibu, na ua mzima umenyamaza ili mtu mmoja aliyechoka alale.