Saa Kilima Kinaposhika Pumzi

Jilala hakujua kusoma, ila jina lake alilitambua kama mtu anavyomtambua ng'ombe wake katikati ya kundi la wenzake. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameliona kwenye daftari la zamu pale mgodini Geita. Kwa hiyo Jumatatu ile ya mwanzo wa Julai, mwaka 1954, alipopita mbele ya karakana na kuliona kwenye karatasi iliyopigiliwa mlangoni, miguu yake ilisimama yenyewe.

Ilikuwa karatasi ya Mazungumzo ya Mafundi. Aliyeibandika kila mwezi ni Leodgar, fundi umeme aliyesomeshwa na mapadri wa Ushirombo, mtu mwembamba asiyevumilia jambo lisilo na tarehe. Ndiye aliyemwendea mkuu wa mgodi kuomba ukumbi, Jumamosi moja baada ya kuacha moja, ili mafundi Waafrika, ambao hawakuitwa katika vikao vya mainjinia, wafundishane kile ambacho mikono yao inakijua. Ruhusa ilitolewa, mradi wasizungumze siasa.

Jilala alimngoja mkewe, Limi, aliyekuwa akihudhuria darasa la kusoma la watu wazima. Limi alitua ndoo, akafuata mistari kwa kidole. Tarehe kumi, pampu na maradhi yake, msemaji Marselino. Tarehe ishirini na nne, hewa ya chini ya ardhi, msemaji Leodgar. Kidole kikashuka, kikakawia.

"Tarehe saba Agosti," alisoma. "Namna ya kuijua pumzi ya shimo. Msemaji, Jilala, fundi wa nguzo." Akamgeukia. "Baba Kabula, umeahidi nini?"

"Sijaahidi kitu."

Na kweli hakuwa ameahidi. Wiki moja nyuma Leodgar alimkuta saa tatu asubuhi kwenye mlango wa chini wa njia ya kilimani, njia ya zamani iliyotoboa kilima kutoka bondeni hadi karibu na kilele. Wenzake walikuwa wameshaingia. Yeye alisimama peke yake, kipande cha pamba kikining'inia kati ya vidole vyake, amegoma kuingia. Leodgar alimuuliza anafanya nini. Jilala alimjibu, "Nitakuambia siku nyingine, mwalimu." Kwao Usukumani hiyo ni njia ya adabu ya kufunga mlango bila kuubamiza, na kila mtu huelewa kwamba siku hiyo haipo. Lakini Leodgar alikuwa amelelewa kwa kengele za misheni. Alikwenda nyumbani akaitafutia hiyo siku nyingine tarehe yake.

Asubuhi ileile ya pamba, watu wawili walitolewa njiani wakiwa wamebebwa. Zamu ya usiku hutoboa mwamba, baruti hulipuliwa saa mbili, na ikifika saa tatu, moshi ukiwa hauonekani tena, zamu ya mchana huingia. Siku nyingine hakuna kinachotokea. Siku nyingine watu hutoka wakitapika na vichwa vikiwagonga. Mmoja wa wale wawili alilala siku mbili bila kumtambua mke wake.

Jilala alijua sababu ya pumzi ile mbaya, na hakuwa na ruhusa ya kuisema.

Kabla ya kuwa mtu wa mgodi alikuwa Mnunguli, mwinda nungunungu, huko kwao upande wa Mwakitolyo. Wawindaji hao hutambaa ndani ya mashimo ya mnyama, kifua kikisugua udongo, mkuki mfupi mbele, na giza likiwa zito kiasi kwamba mtu husahau kama macho yake yako wazi. Wengi waliingia, wachache hawakutoka, na waliodumu walidumu kwa sababu ya ujuzi waliofunzwa. Mwalimu wake aliitwa Maige. Siku ya kumpokea chamani, Maige alimlaza chali, akamwambia atoe ulimi, akaulaza juu yake mwiba wa nungunungu. "Ulimi huu si wako tena," alimwambia. "Utakaloliona shimoni, usimwambie asiyelala hapa ulipolala."

Tangu hapo Jilala hakumwambia hata Limi.

Jumamosi ya Marselino ilipita kwa vicheko. Marselino alikuwa fundi pampu, mnene, mwenye kofia ya majani asiyoivua hata kanisani mpaka akonyezwe. Alieleza jinsi pampu inavyokohoa kabla ya kufa, akaikohoa mwenyewe mpaka watu wakashika mbavu. Mwishoni akamwona Jilala amekaa nyuma. Aliwatangazia watu kwamba zamu ijayo baada ya Leodgar watafundishwa na mzee wa nungunungu, kwa hiyo kila mtu aje na chumvi na sufuria. Jilala alicheka na wengine.

Ya Leodgar ilikuwa tofauti. Leodgar hakuchekesha. Alichukua chaki, akachora ubaoni mstari mmoja uliopanda na kushuka, akasema hicho ni kilima. Kisha akakikata. Hivyo ndivyo Jilala alivyoona: mtu amekikata kilima katikati kama anavyokata muhogo, akawageuzia upande wa ndani. Pale palikuwa na mlango wa chini, na njia, na ile kona aliyoitegemeza mwenyewe kwa magogo ishirini na mawili, na mlango wa juu karibu na kilele. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameijua njia ile kwa mabega na magoti. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu aweza kusimama nje ya ardhi akaitazama yote mara moja, kama Mungu anavyoitazama.

Na alichokiona kilikuwa shimo la nungunungu. Mlango wa chini, mlango wa juu, na tumbo katikati. Ukubwa tu ndio uliozidi.

Leodgar aliwasha mshumaa, akaushikilia chini ya bomba la karatasi, na majivu mepesi yaliyokuwa juu ya bomba yakapaa. Hewa ya moto ni nyepesi, alieleza, hupanda. Ndani ya kilima kuna joto kuliko nje, kwa hiyo hewa huingia kwa mlango wa chini na kutokea juu. Akachora mshale mmoja mrefu, akaweka chaki chini.

Jilala aliutazama mshale ule. Mwiba aliolaziwa ulimini ulikuwa umechorwa ubaoni na mtu ambaye hajawahi kulala chali mbele ya Maige. Leodgar alijua kwa nini. Lakini hakujua lini. Mshale wake ulikuwa wa kweli asubuhi tu, na alikuwa ameuchora kana kwamba siku nzima ni asubuhi.

Usiku ule hakulala vizuri, na kulipokucha aliomba ruhusa ya wiki moja. Alidandia lori lililokuwa linarudi kuchukua pamba, siku mbili za vumbi, akashukia njia panda na kumalizia kwa miguu.

Maige alikuwa akitengeneza kitanda cha kamba uani, miguu yake ikiwa imevimba. Jilala alipiga goti, akamwamkia kwa Kisukuma kama mjukuu anavyomwamkia babu yake, "Mwangaluka, guku."

"Mwangaluka. Umenenepa. Kumbe huko chini ya kilima wanawalisha kama nguruwe."

Jilala alimweleza yote, watu waliobebwa, karatasi yenye jina lake, tarehe saba. Maige aliendelea kuvuta kamba na kukaza. Jilala alipofika mwisho mzee aliuliza kama watu hao wa mgodini wamewahi kulala chali. Hawajawahi. Aliuliza kama wamelipenda jambo hilo kiasi cha kuja kulala. Wengine wao ni Wakristo, guku, hawawezi.

"Basi hapana," alisema Maige. "Waliokufa mashimoni kabla yangu ndio waliolijua kwanza. Mimi nimeshikishwa tu. Ulimi wako niliuchukua, siwezi kukurudishia kwa sababu wazungu wamechimba shimo kubwa."

Hakusema kwa hasira, na hilo lilimwumiza Jilala zaidi. Aliondoka alfajiri. Alirudi Geita juu ya magunia ya pamba yaliyokuwa yakipelekwa kwenye kiwanda cha kuchambulia, na upepo uling'oa nyuzi nyeupe magunia yalipopasuka, zikamganda kwenye shati, kwenye kope, kwenye ndevu. Alikuwa akizitoa moja moja. Moja ilibaki kwenye ncha ya kidole chake, ikainama nyuma lori lilipokimbia, ikasimama lori liliposimama. Hapo akakumbuka kwamba Maige alichukua ulimi. Mikono hakuigusa.

Jambo hilo halikumfurahisha. Aliligeuzageuza njia nzima, akijiuliza kama ni ukweli au ni ujanja wa mtu anayetaka kulala usingizi. Alifika hajapata jibu, ila kiganjani alikuwa amefumbata donge la pamba.

Alimwendea Leodgar akamwomba mambo mawili. Mazungumzo yake yasifanyike ukumbini, na yasiwe alasiri. Leodgar alitazama karatasi yake kama mtu aliyeombwa kuhamisha Pasaka. Mwishowe alikata tarehe saba kwa wino mwekundu, akaandika Jumapili tarehe nane, saa mbili asubuhi, mlango wa chini wa njia ya kilimani. Jumapili hapakuwa na baruti wala zamu.

Walikuja watu arobaini hivi, wengine moja kwa moja kutoka misa ya kwanza, na Limi pamoja na wanawake wachache wakasimama pembeni. Agosti huwa na asubuhi za baridi. Pumzi za watu zilionekana. Jilala alikuwa amefunga vipande vya pamba kwa nyuzi kwenye gogo la juu la mlango, tisa kwa safu. Aliwaamkia watu kwa kuinamisha kichwa. Kisha akanyamaza.

Pamba zote tisa zilikuwa zimelala kuelekea ndani. Leodgar aliitikia kwa kichwa, ameridhika, maana ndivyo mshale wake ulivyosema. Watu wakangoja. Jua likapanda, likafika kwenye mawe. Mtu akakohoa. Marselino alimnong'oneza jirani yake, kwa sauti iliyosikika na wote, kwamba mhubiri amesahau mahubiri.

Jilala hakugeuka. Aliinua mkono tu, akaelekeza juu.

Pamba zilikuwa zinaanza kushuka. Zilishuka polepole kama mkono wa mtu anayesinzia, mpaka zote zikaning'inia wima. Hata unyuzi haukutikisika. Leodgar alitoa saa yake ya mfukoni: saa tatu na dakika nne. Ndani ya kilima, ambako siku zote husikika mvumo mdogo kama wa mtungi, palikuwa kimya. Ukimya ule uliwafikia watu waliokuwa nje, na wale waliokuwa wakinong'ona waliacha bila kuambiwa.

Jilala akatembea mpaka mlangoni. Aliweka kiganja juu ya mdomo na pua yake. Akaonyesha shimo, akawaonyesha wao, akatikisa kichwa. Kisha akaketi chini mlangoni, akanyoosha miguu kuziba njia, kama mtu anayelinda nyumba yenye mgonjwa.

Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Mtu mmoja kati ya waliokuwa nyuma alishusha uso. Ndiye yule aliyelala siku mbili bila kumtambua mkewe.

Walikaa hivyo muda mrefu. Leodgar alihesabu dakika ishirini na sita. Kisha pamba ya kwanza kushoto ilitetemeka, ya pili ikafuata, na zote tisa zikainama kuelekea kwao, nje, na kilima kizima kikawapulizia usoni hewa baridi yenye harufu ya mawe mabichi na magogo ya zamani. Wanawake walirudi nyuma hatua moja. Leodgar alitazama pamba, akatazama jua, akatazama saa.

"Mshale wangu," alisema taratibu. "Unageuka."

Marselino alivua kofia. Alisimama mbele ya shimo lile, tumbo mbele, kofia kifuani, upepo ukimpeperusha vijinywele vilivyobaki.

"Shikamoo," aliliambia.

Hakuna aliyecheka.

Jumatatu Leodgar alikwenda kwa mkuu wa mgodi na kurasa sita za vipimo. Kabla ya mwezi kwisha baruti ya njia ya kilimani ilihamishiwa saa kumi na moja alfajiri, kilima kinapovuta kwa nguvu na kuutoa moshi wote kwa mlango wa juu, na zikaning'inizwa pamba mlangoni; hakuna aliyeruhusiwa kuingia zikiwa wima. Hakubebwa mtu tena. Katika orodha ya mazungumzo yaliyopita, mbele ya jina la Jilala, Leodgar aliandika kwamba msemaji hakusema.

Mvua zilipokaribia Jilala alirudi Mwakitolyo, maana jambo hili hakutaka mzee alisikie kwa watu. Alimkuta kwenye kitanda kilekile cha kamba, sasa amelala.

"Ulisema?" Maige aliuliza.

"Sikusema, guku. Lakini wanajua. Niliwaonyesha kwa mikono."

Jilala alisubiri kufukuzwa, na moyoni alikuwa ameshakubali kwamba itakuwa haki.

"Kilima kizima?" mzee akauliza hatimaye. "Si shimo. Kilima kizima kinavuta pumzi?"

"Kizima, guku. Wanaume arobaini kiliwapuliza usoni."

Maige alijiinua kwa kiwiko. Maisha yake yote alikuwa ameijua pumzi ile ndani ya mashimo yasiyozidi upana wa mabega, na uso wake ulikuwa umebadilika, kama wa mtu aliyeishi na jirani miaka mingi ndipo akaambiwa ni mfalme.

"Mimi umelala mbele yangu," alisema. "Kwangu ulimi ni wako. Kaa hapo unieleze, usiruke kitu."

Jilala akaketi chini, akaanza na mlango wa chini.