Fundi Baiskeli Asiyeitika

Fundi baiskeli wa Nyamiaga hutazama midomo yako kabla ya baiskeli. Masikio aliyaacha kwenye boti ya kivita, wakati wa vita vya Kagera, akilisha mzinga makombora. Mpaka leo, lori likitetemesha ardhi, viganja vyake hufunguka vyenyewe kupokea kombora.

Juzi, kwenye uhakiki wa askari wa zamani, karani alisoma majina uso kaufunika kwa karatasi. Jina la fundi kaliita mara tatu, akaandika hayupo. Na mzee kakaa mstari wa mbele, kofia magotini!

“Huyu hapa, hasikii!” nikafoka, mimi niliyemsindikiza.

“Kama yupo, mbona haitiki?” karani akanijibu.

Fundi akanishika mkono, akauliza kwa sauti ya kiziwi, ukumbi mzima ukasikia: “Mwanangu, bado hawajafika kwangu?”