Unasali Wapi? Maisha Yangu ya Kuwauliza Wakatoliki wa Kampala

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino kirefu, nikidhani sosholojia ni kazi ya kukaa ofisini. Ofisi yenyewe ilikuwa Nakasero, karibu na soko, na Mkurugenzi wa utafiti aliniangalia miguu kabla hajaniangalia uso. Nilikuwa Mkenya mgeni, kwa hiyo akanihurumia, akaacha Luganda na Kiingereza, akanisemesha kwa Kiswahili alichokulia nacho katika kambi ya polisi, akiniita nyabo, yaani bibi.

"Nyabo, hii kazi ya kutembea. Tena sikia: andika kile mtu nasema. Hapana ile wewe nafikili."

Sheria hiyo niliishika kama katekisimu. Kazi yetu ilikuwa kuchunguza jinsi Wakatoliki wa siku hizi wanavyoishi dini yao: nani huenda misa, nani ameacha, nani huenda misa Jumapili kisha katikati ya wiki akajipenyeza kwa walokole. Habari za Mungu mwenyewe tuliwaachia mapadre. Tulikuwa na dodoso, yaani maswali yaliyopangwa ambayo kila mtu huulizwa vilevile, na tulikuwa na ushuhudiaji shirikishi, jina kubwa la kukaa na watu, kuimba wanapoimba na kula wanachokula. Dodoso lilinichosha. Hilo la pili nililipenda mno, na mwili wangu ni shahidi.

Kwanza nilipangiwa Kawempe, na huko ndiko nilikojifunza Luganda, kwa kuimba rozari. Wakatoliki wa mtaa mmoja hukutana nyumbani kwa mwenzao, husali, hutazama wagonjwa, huzikana. Sisi Kenya huita jumuiya. Waganda huita kabondo. Nilidhani majina yameishia hapo.

Nilipokaribia kustaafu nikahamishiwa Kansanga. Parokia moja ya upande ule ilikuwa na misa ya Kiswahili kila Jumapili, na waliohudhuria wengi walikuwa Wakongo waliokimbia vita. Kanisa lilikuwa dogo na vijana waliitaka saa ile. Paroko alikuja ofisini kwetu mwenyewe, mtu mpole, akasema wazi shida yake.

"Kama wanakuja kwa imani, nitawapigania. Kama wanafuata misaada, saa hiyo nitawapa vijana. Nisaidieni kujua."

Tukauliza. Swali la kwanza lilikuwa lilelile la siku zote: unasali wapi? Wakongo wengi wakajibu, "Nasalaka ku shirika." Wasaidizi wetu wakaandika hivyohivyo. Ofisini ikaja kazi tunayoiita usimbaji, yaani kuyagawa majibu katika mafungu. Basi kwa mkimbizi wa Kampala, shirika ni ile ofisi anayopangia foleni ya blanketi na karo. Majibu yote yale yakatiwa katika fungu la wanaofuata misaada. Mkurugenzi, yuleyule wa siku yangu ya kwanza, alisoma, akashusha pumzi.

"Wanafuata blanketi," akasema, na akaanza kuandika ripoti.

Mimi mtu mmoja alinikwama kooni. Mama Nsimire, kiongozi wa kwaya ya misa ile, alikuwa akichuuza vitenge kando ya barabara ya Ggaba, na kila tulipokutana alinilalamikia kwamba hajawahi kupewa na mtu hata kipande cha sabuni. Iweje naye awe katika fungu lile? Nikamfuata.

"Mama Nsimire, ni shirika gani linalokusaidia?"

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki.

"Kunisaidia? Shirika njo sisi! Batu ya hapa karibu. Siku ya ine, Alhamisi yenu, tunakutana ku nyumba ya moja wetu, tunasoma Neno, tunaenda kuona bagonjwa. Kule Bukavu bote banasema vile."

Jumuiya. Kabondo. Kitu kilekile nilichokiimbia rozari Kawempe, nacho kimeingia ofisini kwetu kikageuka blanketi! Nikamweleza tulichokuwa tunakaribia kumwambia Paroko, na kicheko kikamwisha.

"Basi batatosha misa yetu?"

"Huenda wakaiondoa, ndiyo."

"Mama, mi najua Luganda ya kuuzisha kitenge. Lakini siku mutoto yangu alikufa, nililia mu Kiswahili. Sasa Mungu nitamulilia mu luga gani?"

Sioni haya kusema kwamba nililia naye palepale, watu wakipita.

Mkurugenzi hakutaka kunisikia. "Walisema shirika, tumeandika shirika," akaniambia. "Hiyo sheria yangu."

"Ndiyo, mzee, na safari hii imetuponza. Tumeandika walichosema bila kuwauliza wanamaanisha nini. Siku ya Alhamisi vaa viatu vya kutembea, twende."

Nilikuwa nimekasirika kweli, na nadhani ndiyo maana alikuja. Watu wa shirika walikuwa wamebanana katika mzigo, kama tunavyoita chumba kimoja cha kupanga, wengine kitandani, wengine mkekani. Walipanga zamu za kumpikia jirani mgonjwa, ambaye hata Mkatoliki hakuwa. Mkurugenzi akapewa Biblia asome. Akasoma kwa Kiswahili chake cha kambini, r na l zikibadilishana viti, na walisikiliza kwa heshima kubwa, isipokuwa Mama Nsimire aliyejificha nyuma ya kitenge.

Njiani aliniambia, "Nyabo, tunaludi kuuliza upya."

Ripoti ilichelewa, waliotulipa wakafoka, na lawama yote aliibeba yeye. Namheshimu kwa hilo mpaka leo. Safari hii ilisema kwamba shirika lao ndiyo jumuiya, na Paroko aliisoma mpaka mwisho. Jumapili iliyofuata alitangaza kwamba misa ya Kiswahili inabaki palepale, na Mama Nsimire alianzisha wimbo kabla hajamaliza kutangaza.

Sasa nimestaafu, naishi Kansanga. Vijana wa kazi hii hunijia wakitaka mbinu, nami huwaambia waandike alichosema mtu, kisha wamuulize tena, hata kama neno wanalijua. Hasa kama wanalijua.

Alhamisi jumuiya ya kina Mama Nsimire hukutana kwangu siku hizi. Juzi alikuja mama mgeni, ndiyo kwanza ametoka Kongo. Akaona miwani yangu na rafu ya vitabu, akamnong'oneza Mama Nsimire, nami nikamsikia.

"Ule mama anatumikaka kazi ku shirika gani?"

Mama Nsimire alikuwa akitafuta ukurasa wa wimbo. Hakuinua hata macho.

"Ya kwetu."