Jozi Inayotulia

Mwanamke ninayefunga naye samaki hapa gatini Lofoten, kaskazini mwa Norwei, hatumii mizani. Huinua mmoja kila mkono, hufumba jicho, kisha huwafunga mikia pamoja na kuwatundika kwenye boriti, mmoja huku, mwingine kule, upepo uwakaushe. Vidole vyake vimepasuka kwa baridi. Glavu amezifanya kikalio. Jozi ikitulia huipiga kofi, kama anayesifu mtoto.

Jana shemeji yake, dereva wa lori kutoka Uswidi, alikuja kumchokoza. "Sisi tumo ndani ya Umoja wa Ulaya, tunaamua. Nyie Wanorwei mmepiga kura mara mbili kukataa kuingia, mmeng'ang'ania nje, na bado mnalipa ili muuze samaki wenu kwetu. Akili hiyo?"

"Shemeji, nikilipa kiingilio cha dansi, ndiyo nimeolewa?"

Tulicheka mpaka kamba zikatuponyoka. Mwanamke mwenyewe hakucheka. Alifunga samaki mkubwa na mdogo, akawatundika. Mkubwa akaporomoka pu! na mdogo akaburutwa juu ya boriti kumfuata. "Bahari hii ndiyo mali yetu. Mwenzetu mkubwa akituamulia lini tuvue, tutabaki na nini?"

Mswidi alichagua wawili wadogo, akawafunga polepole, akawatundika. Wakatulia. "Mle ndani wadogo tuko wengi, shemeji. Tunashikana."

Mwanamke aliitikisa ile jozi kwa nguvu. Haikusogea. Akaipiga kofi lake.

"Kufunga unajua," alisema. "Kura yetu ndiyo iliyokushinda."