Mpishi Acheze Kwanza

Geesje Terpstra alianza kuipikia kampuni ya michezo ya kushindania zawadi kwenye televisheni, huko Hilversum, Uholanzi, wakati kampuni yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la baiskeli. Kila mchezo mpya alipewa yeye aucheze kwanza, aproni kiunoni. Asipouelewa kabla supu ya njegere haijachemka, mchezo unatupwa.

Kampuni ikakua. Michezo ikauzwa nchi thelathini na moja, kila nchi ikipewa kitabu kinene cha masharti ya kuirekodi. Kisha akaja bosi mpya, Joost, kijana wa suti ya kubana, na wataalamu wake wa kupima michezo kwa kompyuta.

"Mama Geesje, wewe baki na masufuria yako," alimwambia kwenye kantini, mbele ya wafanyakazi. "Hii sasa ni kampuni ya dunia. Mchezo wangu mpya umeshapimwa na kompyuta."

"Haya, nieleze huo mchezo wako mpya."

Joost akaeleza. Akaeleza tena. Mara ya tatu akajichanganya mwenyewe, na watu wakaanza kucheka chini chini, wakijificha nyuma ya mikate yao ya jibini.

"Tatizo ni wewe, huelewi!" akafoka.

Geesje alifuta mikono, akashusha kitabu cha masharti kutoka rafuni, akakibwaga mezani. Sharti la kwanza, ukurasa wa kwanza: hakuna kurekodi kabla mpishi wa kantini hajacheza.

"Wapishi thelathini na mmoja wanacheza kwanza huko duniani kwako, na mikataba yao umesaini wewe," alisema. "Sasa keti, unieleze mara ya nne. Harakisha, supu inakaribia kuchemka."