Uteuzi wa Yule Mdogo

Mama yangu ana redio moja, na kwenye redio hiyo hapendi muziki wala mpira. Anapenda uteuzi. Akisikia fulani kateuliwa kuwa mkuu wa wilaya, au fulani uteuzi wake umetenguliwa, siku yake imekamilika. Watu wenyewe yeye hawajui, na wao hawamjui, lakini mmoja akitenguliwa mama hupiga makofi: "Haya, rudi nyumbani ukapalilie mikorosho!"

Kwa hiyo mwinjilisti mpya alipokuja kwenye kanisa letu dogo la hapa Mingoyo, akatufundisha kwamba Mungu aliwateua watu wake kabla dunia haijaumbwa, mama alijiweka sawa kwenye benchi. Hayo ni mambo yake. Mwinjilisti ni kijana mpole wa bara, katoka chuoni na madaftari yake. Akasema wapo walioteuliwa waokoke na wapo waliopitwa, na hakuna wa kuongeza wala kupunguza. Mama akanyoosha mkono.

"Mwanangu, na uteuzi ukitenguliwa?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mimi nilijifunika uso kwa khanga, maana mwalimu wa sekondari kama mimi naye ana heshima zake. Mwinjilisti akatabasamu, akasema uteuzi wa Mungu hautenguliwi kamwe. Mama akauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini: "Na huyo aliyepitwa, akiombewa?"

"Akishapitwa kapitwa, mama. Maombi hayabadili orodha."

Mama akaushusha mkono.

Mimi nilijua anamuulizia nani. Kabla yangu mama alizaa mtoto wa kiume, akaishi siku tatu, akafa hajabatizwa. Tangu nipate akili, hakuna chakula kilichowahi kuliwa nyumbani kwetu kabla mama hajawaombea wagonjwa, mvua, wasafiri, na mwisho kabisa, "na yule mdogo." Utotoni nilidhani yule mdogo ni mimi. Nilikuwa nikijitutumua kwelikweli, nikijua kila siku natajwa mbele za Mungu peke yangu. Siku nilipoambiwa ni kaka yangu, nilinuna hadi nikakataa uji.

Jumapili ile tulipokaa kula, mama akaombea wagonjwa, mvua, wasafiri, akasema amina. Nikabaki mkono hewani.

"Mama, umemsahau."

"Sijamsahau." Akamega ugali. "Kama kapitwa, ya nini kumsumbua Mungu?"

Jamani! Nilikasirika mpaka mboga ikanishinda. Mwanamke kamwombea mwanawe zaidi ya miaka arobaini, halafu kijana wa juzi mwenye daftari anamfunga mdomo kwa sentensi moja. Mjomba, mdogo wake mama, alipita jioni kutusalimu. Yeye ni Mwislamu, kama nusu ya ukoo wetu. Alipoelezwa, akacheka.

"Dada, sisi tunaambiwa kila kitu kimeandikwa, na dua hatujaacha hata siku moja. Nyinyi mmechanganya ibada na taarifa ya habari."

Mama hakucheka. Hapo ndipo nikajua mambo yameharibika, maana mama humchekea mdogo wake huyo hata akikohoa tu.

Wiki nzima nilikuwa Lindi mjini nafundisha, na kila nikimpigia simu namuuliza kama kamwombea. "Nimeombea wasafiri," ananijibu, "na wewe umo." Jumamosi nikarudi, nikaenda moja kwa moja kwa mwinjilisti na hotuba yangu kichwani, maneno makali, nimeyapanga tangu stendi. Nikamkuta anafua mashati yake kwenye beseni, povu mpaka kwenye viwiko. Hotuba ikayeyuka. Nikasema, "Kesho mama anakukaribisha chakula." Mama mwenyewe alikuwa hana habari.

Akaja. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, karibu." Wali ulikuwa bado jikoni, kwa hiyo tukamtengea ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini. Mtu wa bara huyu! Akaitia mdomoni na maganda yake, akatafuna kwa adabu, machozi yakimlenga.

"Wewe unayewajua wateule," mama akamwambia, "ganda hulijui?"

Tukacheka, naye akacheka, akaanza kumenya. Mama akamwacha amenye wa pili, kisha akamuuliza.

"Nilikuwa na mtoto wa siku tatu. Kila chakula nilikuwa nasema, na yule mdogo. Sasa nimeacha. Niambie, kapitwa?"

"Mama, kuhusu watoto wachanga, walimu wetu wanasema..."

"Siwaulizi walimu wako, wako mbali. Nakuuliza wewe." Akamwonyesha kidole cha shahada. "Alinishika hapa. Hiki. Hakutaka kukiachia."

Kijana akakitazama kile kidole. Akaweka ming'oko chini.

"Ameteuliwa huyo," akasema.

"Orodha umeiona?"

"Sijaiona, mama."

"Sasa umejuaje?"

"Sijui. Kwa kweli sijui."

Mama akanigeukia. "Huyu naye wakubwa zake wakimsikia, watamtengua." Lakini alisema akimsogezea maji ya kunawa, na kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia wiki nzima.

Wali ukaja, na samaki wa nazi. Mama akamwomba mgeni aombe. Akaombea wagonjwa. Akaombea mvua, akaombea wasafiri. Nilifumbua jicho moja. Mama alikuwa amefumba macho, kile kidole kakishika kwa mkono mwingine.

"Na yule mdogo," mwinjilisti akasema.

"Yule wa siku tatu," mama akadakia upesi, bila kufumbua macho, "si huyu mwalimu. Huyu huwa anadhani ni yeye."