Pikipiki Iliyonijia Kimya

Mwaka 2018, nikiwa na miaka sitini na mmoja, nilivunjwa mguu wa kushoto. Naandika nilivunjwa. Watu wakisimulia habari yangu wanasema nilivunjika, kama kikombe kilichoteleza mezani. Mguu wangu haukuteleza. Ulivunjwa na mtu mwenye jina, mwenye pikipiki, aliyezima injini kwa makusudi.

Kabla ya hapo sikuwa mtu wa hospitali. Nilizaliwa Igurwa, nikasoma hadi darasa la tatu, basi. Nilibeba kahawa za watu kichwani mpaka nikapata baiskeli, na kwa baiskeli hiyo nikapata kibanja cha kulima Songambele. Migomba niliipanda mwenyewe, mibuni mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kila siku ya soko nilifunga mikungu ya ndizi kwenye baiskeli nikaipeleka Nkwenda. Mlimani unasukuma, kichwa chini, kifua kimeegemea mikungu. Aliyeifanya kazi hiyo anajua kwamba mbele huoni kitu. Unasikiliza tu.

Sasa vijana wa bodaboda wana mchezo wao. Wakifika kileleni wanazima pikipiki, wanaiacha iserereke yenyewe hadi bondeni. Wanaita kushuka frii. Ati wanaokoa petroli. Kwa hiyo kinakujia chuma, kimebeba watu wawili, na hakilii. Hata ng'ombe akishuka mlima unasikia kwato.

Siku ile nilikuwa napanda, upande wangu wa kushoto, asubuhi nyeupe kabisa. Kabla ya kona nilipiga kengele kama kawaida yangu. Kimya. Nikaingia kona. Nikasikia upepo wa matairi, fyuu, na kilichofuata niko mtaroni, mikungu juu yangu.

Mfupa wa muundi ulikuwa umetoboa ngozi na kutoka nje, mweupe kama muhogo uliomenywa. Kisigino kilikuwa kinatazama mbele. Kijana akaja anachechemea, nyaya za simu zimo masikioni. Anaitwa Deusi, namjua hadi kwao. Alisimama juu yangu akasema, "Shikamoo mzee."

Jamani! Mtu ananivunja halafu ananiamkia!

"Marahaba nitaitoa wapi?" nikamwambia. "Kwa nini umezima pikipiki?"

"Mzee, si ungepiga kengele?"

"Nimepiga!"

Akachomoa waya sikioni. "Ee? Unasemaje?"

Hapo ndipo nilipozimia. Mpaka leo sijui kama ni maumivu au ni hasira.

Walinipeleka kwenye kituo cha afya, wakashona kidonda, wakafunga plasta ngumu juu yake. Nyumbani watu walikuja kunipa pole, na wote walisema neno moja: ajali haina kinga, shukuru Mungu. Mimi ni Mlutheri, Mungu namshukuru kila siku bila kukumbushwa. Lakini Mungu hakushika ile swichi. Msimsingizie.

Baada ya muda mguu ukaanza kuwasha, halafu kuchoma, halafu kunuka. Sifichi. Ulinuka kama panya aliyekufa darini. Usaha ulipenya chini ya plasta ukalowesha godoro. Mke wangu, Mama Anitha, alikuwa anafuta, anageuza godoro, anafuta tena. Binti yetu Anitha alipofika kunitazama, hakuingia hata chumbani. Alisimama mlangoni akasema, "Baba, twende hospitali kubwa sasa hivi, usinibishie."

Huko daktari alipasua plasta, akatazama, akauliza nani aliyefunga kidonda kichafu namna hii. Ndugu, mgonjwa ndiye wa kuulizwa? Akasema, "Mzee, mfupa umeoza. Tutaukwangua na kuufunga vyuma. Mfupa usipokubali dawa, tutakata mguu chini ya goti."

"Kata kichwa kwanza," nikasema.

"Baba Anitha," mke wangu akanidaka, "kichwa chako hakisukumi baiskeli. Nyamaza daktari afanye kazi."

Walinikwangua mara kadhaa. Vyuma vilitoboa mguu vikatokea upande wa pili, kama mishikaki. Jirani yangu wodini aliomba kuhamishwa kitanda kwa ajili ya harufu yangu, wala simlaumu. Nilijisaidia kwenye beseni, mimi niliyekuwa sipendi hata kunawishwa mikono. Kila asubuhi daktari aliinama akanusa kidonda, na mimi nilitazama pua yake badala ya macho yake. Siku moja akainuka akasema, "Leo hakinuki." Nililia. Siku ya ajali sikulia, siku hiyo nililia mpaka muuguzi akadhani nimechomwa.

Aliyenifundisha kutembea tena alikuwa binti mmoja wa mazoezi, mcheshi. Kila hatua nilikuwa nalaani kushuka frii. Siku moja akaniambia, "Mzee, kaka yangu anafanya kazi kwenye uwanja wa ndege ughaibuni. Huko kuna ndege zisizo na injini kabisa, zinaserereka hewani kama mwewe. Hazilii."

"Na zenyewe zinagongana?"

"Zinafungwa kifaa kinachotangaza, niko hapa, naelekea kule. Chenyewe kinasikia na cha mwenzake, wakikaribiana kinapiga kelele. Ila ukifunga wewe na mwenzako hana, kwake ni kama hupo."

Neno hilo lilinikaa. Kumbe hata wenye ndege wana frii yao, lakini wanapiga hodi! Na kengele yangu ilikuwa hivyo hivyo. Nilitangaza kwa mtu aliyeziba masikio.

Nilirudi nyumbani na mguu mfupi kidogo. Fundi viatu wa Nkwenda akaniongezea soli ya tairi. Mkwe wangu, mume wa Anitha, akasema, "Baba, baiskeli basi. Kaa tukulishe." Nilishwe mimi? Nikaenda dukani kutafuta kifaa.

Muuzaji alinitolea honi inayoimba nyimbo. Nikamuuliza, mwenye nyaya masikioni ataisikia? Akanitolea taa nyekundu ya kumeta. Nikaiwasha nje, kwenye jua haionekani. Akanitolea viakisi vya kubandika. Hivyo vinasubiri taa ya mwenzako, na soko langu ni la mchana. "Mzee, wengine wote wananunua hivi," akasema. Wengine wote hawajavunjwa! Usinunue unachokipenda wewe. Nunua anachoweza kukipokea huyo anayekujia.

Tatizo langu nililiona nilipomsimamisha Mama Anitha juu ya kona, nikapanda na mikungu. Akapiga kelele, "Uko wapi?" Nilikuwa karibu kumfikia. Mikungu ya kijani, kingo za barabara za kijani, migomba ya kijani. Nilikuwa mgomba unaotembea. Basi nikakata mwanzi mrefu, nikaufunga nyuma ya baiskeli, juu nikaweka kitambaa, ili kitangulie kuonekana juu ya ukingo kabla yangu.

Rangi nayo ilitutesa. Njano au kijani, watasema nimeanza kampeni ya chama. Bluu, vivyo hivyo. Nyeupe, watadhani ninatoka msibani. Tukachukua rangi ya machungwa, kama koti la mafundi wa barabara. Mama Anitha akapanda tena juu ya kona, akacheka. "Sasa nakuona hata nikifumba jicho moja."

Lakini hiyo ni nusu ya kifaa. Nusu ya pili ilikuwa kijiweni kwa bodaboda. Nilikwenda na baiskeli yangu. Wakaanza: "Mzee bendera! Umegombea wapi?" Deusi alikuwepo, ameinamisha kichwa. Nikapandisha suruali. Muundi wangu una shimo, nyama haikurudi. Nikamwambia, "Deusi, weka kidole."

"Mzee, nisamehe."

"Sikuombi uniombe msamaha. Weka kidole."

Akaweka. Kiliingia hadi kucha ikapotea. Mwenyekiti wao akasema kuanzia siku hiyo, mteremko wenye kona, injini iwake na honi ilie, na sikio moja libaki wazi. Deusi anafuata. Wengine wanafuata wakiniona. Wapo wanaoshuka frii hadi leo, na nikiwakuta nawasema mbele ya abiria wao, na abiria wengine hushuka. Nitawasema mpaka nife.

Namshukuru Mungu, daktari mwenye pua, binti wa mazoezi, na mke wangu. Wewe uliyelazwa, kidonda kikinuka usione haya, sema siku hiyo hiyo. Wewe mwenye pikipiki, petroli unayookoa inatoka kwenye mguu wa mtu. Na anayekupa pole kwa kusema ajali haina kinga, muulize yeye alifunga nini kwenye baiskeli yake.

Leo ninavyo hivi. Kibanja Songambele, migomba na mibuni. Nyumba ya bati. Ng'ombe wawili na ndama. Baiskeli yenye breki mpya. Mke mmoja. Miguu miwili.